Ngozi ya Limba, Moyo wa Ayous

Tarehe 30 Julai 2024, jijini Paris, Wang Chuqin na mwenzake Sun Yingsha walikuwa wametoka kuipatia China medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mpira wa meza, mchezo wa wawili, mwanamume na mwanamke. Wapigapicha wakawazunguka. Katika kusukumana kule mmoja wao akaikanyaga raketi ya Wang, nayo ikavunjika. Kesho yake Wang, aliyekuwa namba moja duniani, akaingia mezani na raketi ya akiba kupambana na Truls Möregårdh wa Uswidi. Akafungwa seti 4 kwa 2, akatoka mashindanoni mapema kuliko alivyotazamia mtu yeyote.

Wang mwenyewe hakuifanya raketi ile kisingizio, na ni haki Möregårdh apewe sifa yake, maana aliendelea kushinda hadi akafika fainali. Lakini kila aliyeupenda mchezo huu alielewa uchungu wa kuviona vile vipande mkononi mwa Wang. Raba hubanduliwa na kubandikwa nyingine mara kwa mara. Hizo ni nguo tu. Kilichovunjika ni mti. Na mti hauna pacha. Vibao viwili vya chapa moja, vilivyotoka kiwanda kimoja, huweza kupishana gramu tano na zaidi. Ukivigonga kwa kifundo cha kidole, kimoja kitatoa sauti nyembamba na kingine sauti nzito. Mchezaji aliyekaa na kimoja miaka kadhaa ameufundisha mkono wake kukisikiliza hicho, wala si kingine.

Kibao ninachokizungumzia ni ile sehemu ya mti tupu pamoja na mpini wake, kabla raba hazijabandikwa. Vingi vina unene wa milimita 6 hivi na uzito wa gramu 85 au 90. Ukikitazama kwa ubavuni utaona mistari, kwa kuwa ni mbao nyembamba zilizolazwa moja juu ya nyingine zikashikwa na gundi. Mara nyingi ni matabaka matano. Lile la katikati, nene kuliko yote, nitaliita moyo. Yale mawili ya nje nitayaita ngozi. Historia ya mchezo huu husimuliwa zaidi kwa majina ya mabingwa, na wakati mwingine kwa raba zao. Mimi naona sehemu yake kubwa iko katika ile mistari ya ubavuni, na kwamba mistari hiyo inatuhusu sisi wa bara hili kuliko tunavyojua.

Waingereza walioanzisha mchezo sebuleni mwao mwishoni mwa karne ya 19 hawakuwa na matabaka. Walitumia kitu kilichofanana na ngoma ndogo yenye mpini, fremu iliyowambwa ngozi pande mbili. Karibu na mwaka 1900 ulipoingia mpira wa seluloidi, mwepesi na mtupu ndani, mlio wa ngozi ile na mlio wa meza ndio uliozaa jina la ping-pong, ambalo kampuni ya John Jaques ililifanya jina lake la biashara. Ngoma hizo hazikudumu. Zikaja mbao tupu, kisha mbao zilizobandikwa kizibo au msasa, na karibu na mwaka 1902 ikaja raba yenye vipele, ambayo husimuliwa kuwa Mwingereza aitwaye E. C. Goode aliipata baada ya kuona mkeka wa raba juu ya kaunta ya duka la dawa.

Kipande cha ubao mmoja kina tabia zote za mti kilikotoka. Kwa urefu wa nyuzi zake ni kigumu kupinda, kwa upana wake ni dhaifu na hupasuka upesi. Unyevu ukikiingia huvimba kwa upana na kujikunja. Seremala yeyote wa Keko, Dar es Salaam, ameshaona mlango ukigoma kufunga wakati wa masika. Dawa yake ni ya kale mno. Huko Saqqara, Misri, katika piramidi ya ngazi, lilipatikana jeneza la zaidi ya miaka 4,500 lenye kuta za matabaka sita ya mbao nyembamba, nyuzi za kila tabaka zikipishana na za jirani yake. Tabaka moja likitaka kuvimba, jirani anamzuia. Tunaiita plaiwudi, na karne ya 20 ilipoanza viwanda vya Ulaya vilikuwa vimeshajua kuimenya kutoka kwenye gogo linalozunguka, kama mtu anavyomenya chungwa bila kulikata ganda.

Shirikisho la kimataifa la mpira wa meza, ITTF, lilipoundwa mwaka 1926 na mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika London mwezi Desemba mwaka huohuo, kibao cha plaiwudi chenye raba ya vipele ndicho kilichotawala. Hungaria ndiyo iliyovuna. Victor Barna peke yake alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mara tano kati ya 1930 na 1935. Siku hizo raba ilikuwa nyembamba, haina sponji chini yake, na mpira ulikuwa ukigusa mti karibu moja kwa moja. Kishindo kilisafiri hadi kwenye vidole, na mpinzani aliweza kukadiria nguvu ya kipigo kwa kusikia mlio tu. Ubaya wake ni kwamba mzunguko wa mpira ulikuwa mdogo, na mlinzi mwenye subira aliweza kuurudisha kila kitu. Prague, mwaka 1936, Alojzy Ehrlich wa Poland na Farkas Paneth wa Romania waligombea pointi moja kwa zaidi ya saa 2.

Halafu ikaja Bombay, Februari 1952. Hiroji Satoh wa Japani, ambaye wengi hawakumtazamia, alikuja na raketi iliyofunikwa sponji nene. Mpira ulipopigwa haukulia. Wachezaji waliozoea kusoma kipigo kwa masikio wakawa kama wamezibwa, na mpira ukatoka kwenye sponji kwa kuchelewa kidogo, kisha kwa kasi. Satoh akamshinda József Kóczián wa Hungaria katika fainali. Miaka saba ya mabishano ikafuata, hadi mwaka 1959 ITTF ikaweka mpaka. Raba ya vipele isizidi milimita 2, na raba yenye sponji isizidi milimita 4 kwa jumla.

Ni rahisi kudhani kwamba sponji ilikifanya kibao kisiwe na maana. Ilikuwa kinyume. Siku za Barna mti ulifanya kazi moja, kurudisha mpira. Sponji ilipowekwa katikati, mti ukapewa kazi ya pili iliyo ngumu zaidi: kuamua ni kiasi gani cha nguvu sponji iachiwe kumeza, na ni kiasi gani irudishwe, katika muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde ambao mpira unakaa kwenye raketi. Kipigo chepesi hakifiki mbali ndani ya sponji. Kipigo kizito huibana sponji mpaka mwisho, na hapo mpira unakutana na ubao. Kwa hiyo raketi moja ina tabia mbili au tatu kulingana na unavyopiga, na fundi anayepanga matabaka ndiye anayezipanga tabia hizo.

Wajapani walijibu kwa njia ya peke yao, na kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote kwa kuitazama. Walirudi kwenye ubao mmoja. Walitumia hinoki, mti wa jamii ya misaipresi wenye harufu inayokaribia ya limau, uliotumika tangu zamani kujengea mahekalu. Hekalu la Ise hujengwa upya kwa hinoki kila baada ya miaka 20. Hinoki iliyosifiwa zaidi ilitoka bonde la Kiso, katika milima yenye baridi ambako mti hukua polepole mno na duara za mwaka hadi mwaka hubanana. Zamani za watawala wa Edo misitu hiyo ililindwa kwa ukali kiasi kwamba aliyekata hinoki bila ruhusa aliweza kulipa kwa kichwa chake.

Ubao wa kibao cha Kijapani ulikuwa na unene wa milimita 9 au 10, nyuzi zikielekea moja kwa moja kutoka mpini hadi ncha. Unene huo uliwezekana kwa sababu mbili. Kwanza, hinoki si nzito. Pili, Wajapani walishika raketi kama mtu ashikavyo kalamu na kupiga kwa upande mmoja tu, hivyo raba ilikuwa moja badala ya mbili, na gramu zilizookolewa zikaingia kwenye mti. Ubao mnene wa mti laini una sifa ambayo matabaka hayaigi kwa urahisi. Haupindi sana, kwa hiyo ni wa kasi. Lakini uso wake ni laini, kwa hiyo mpira unazama kidogo kabla ya kuondoka, na mchezaji anapata nafasi ya kuuzungusha. Kwa mshiko ule na kwa mbio za miguu zisizochoka, Ichiro Ogimura na Toshiaki Tanaka walipokezana ubingwa wa dunia kuanzia 1954 hadi 1957.

Wakorea waliurithi ubao huo wakaushika kuliko Wajapani wenyewe. Yoo Nam-kyu alishinda Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 kwa mshiko wa kalamu. Athens, mwaka 2004, wakati dunia nzima ilikuwa imeshahamia kwenye matabaka na nyuzi za kaboni, Ryu Seung-min alimfunga Wang Hao wa China 4 kwa 2 katika fainali, akiwa na kibao cha ubao mmoja wa hinoki, akikimbia kuizunguka pembe ya meza ili kila mpira aupige kwa mkono wake wa mbele. Ukiipata video ya fainali hiyo, tazama miguu yake. Mti ule ulimdai miguu ile, kwa sababu hakuwa na upande wa pili wa kumwokoa. Wang Hao alikuwa na mshiko wa kalamu pia, lakini raketi yake ilikuwa na raba pande zote mbili na alipiga kwa mgongo wa raketi, mbinu ambayo Liu Guoliang, Mchina mwenzake, alitangulia kuitumia. Raba mbili zinahitaji ubao mwembamba. Mbinu hiyo ndiyo iliyouondoa ubao mmoja mezani, na tangu Ryu hakuna aliyeshinda Olimpiki ya mchezaji mmoja mmoja kwa kibao cha namna ile.

Uswidi ilikwenda njia nyingine, na hapa ndipo tunapoingia sisi.

Kampuni ya Stiga ilikuwa imeanza biashara ya mpira wa meza kabla ya miaka ya 1950, na kuanzia miaka ya 1960 kibao chake kiitwacho Allround Classic kikawa kipimo ambacho vingine vililinganishwa nacho. Ni matabaka matano, mapigo ya wastani, rafiki wa anayejifunza na wa bingwa pia. Waswidi walishika raketi kama mtu anayepeana mkono, wakapiga pande zote mbili, na walihitaji kibao chepesi, chembamba, kisichopasuka, chenye kupinda kidogo ili mpira ukae na uzungushwe. Mwaka 1971 huko Nagoya, Stellan Bengtsson, kijana wa miaka 18, akatwaa ubingwa wa dunia. Mwaka 1989 huko Dortmund, Uswidi ikaifunga China 5 kwa 0 katika fainali ya timu, kisha Jan-Ove Waldner na Jörgen Persson, Waswidi wote wawili, wakakutana katika fainali ya mmoja mmoja.

Sasa uliza vibao vya namna hiyo viliundwa kwa mti gani. Misitu ya Uswidi imejaa misonobari. Lakini resipe iliyoenea Uswidi, ambayo baadaye viwanda vya China na Japani viliichukua, ilikuwa ngozi ya limba na moyo wa ayous. Miti yote miwili ni ya Afrika.

Ayous ni jina la Kameruni. Ghana mti huohuo unaitwa wawa, Nigeria obeche, Kodivaa samba. Unapanda hadi mita 50, na licha ya urefu huo mbao yake ni nyepesi ajabu, kilo 380 hivi kwa mita moja ya ujazo, weupe wa maziwa yaliyochacha, bila mafundo na bila utomvu. Wafini huutengenezea mabenchi ya vyumba vyao vya kuogea mvuke kwa sababu haushiki joto. Unaweza kulikalia bila kuungua. Kwa kibao sifa iliyotakiwa ilikuwa ule wepesi pamoja na usawa. Moyo unachukua zaidi ya nusu ya unene, na moyo mzito ungemchosha mchezaji katika seti ya pili. Moyo mwepesi kupita kiasi, kama wa balsa ya Amerika ya Kusini ambayo ina chini ya nusu ya uzito wa ayous, unaurudisha mpira upesi lakini ukipiga kwa nguvu unahisi kuna utupu ndani. Ayous imekaa katikati.

Limba ni mzito zaidi, kilo 550 hivi, rangi ya majani makavu, nyuzi zilizonyooka. Jina lenyewe limetoka Kongo, katika nchi ya Mayombe inayoshuka kuelekea mdomo wa Mto Kongo, upande ambako utasikia Kikongo na siyo Kiswahili. Ni mti unaopenda jua. Msitu ukifyekwa, limba huwa kati ya miti ya kwanza kurudi. Enzi za ukoloni wa Wabelgiji, wataalamu wa misitu katika eneo la Luki waliupanda katikati ya migomba: mkulima anavuna ndizi miaka ya mwanzo, na chini ya kivuli kinachopungua taratibu miche ya limba inanyanyuka. Magogo yalishuka hadi bandari ya Boma, yakaondoka. Huko nje yalipata majina mapya. Marekani waliiita korina, na mwaka 1958 kampuni ya Gibson ikaichongea magitaa yake ya Flying V, ambayo leo yanauzwa kwa bei za kutisha. Mwanamuziki anayelikumbatia gitaa hilo, na mtoto wa Stockholm anayenunuliwa kibao chake cha kwanza, wameshika mti mmoja bila kujuana.

Nimelikaza jambo hili kwa sababu huwa halisemwi. Kwenye mpini wa kibao kuna jina la nchi kilikoundiwa, na mara nyingi jina la bingwa. Kampuni ya Yasaka ya Japani iliuza kwa miaka mingi vibao vilivyotengenezwa Uswidi, kimojawapo kikiwa na jina la Ma Lin wa China, bingwa wa Olimpiki wa 2008. Japani, Uswidi, China: nchi tatu mpinini. Nchi ulikoota mti haimo.

Kwa nini limba nje na ayous ndani, na siyo kinyume? Jibu liko katika hesabu ambayo fundi anaweza asiiandike lakini mkono wake unaijua. Ubao unapopinda, upande mmoja unavutwa na wa pili unabanwa, na katikati kabisa hakuna kinachovutwa wala kubanwa. Kazi kubwa inafanywa na ngozi. Chukua kibao cha milimita 6 chenye ngozi mbili za nusu milimita kila moja. Ngozi hizo ni sehemu moja ya sita tu ya unene wote. Hata kama zingekuwa za mti uleule wa moyo, nyuzi zikielekea upande uleule, zingebeba zaidi ya theluthi moja ya ukakamavu wa kibao chote. Asilimia 42 hivi. Weka mti mgumu zaidi hapo nje, na sehemu yao inapanda tena. Moyo kazi yake ni kuzitenganisha ngozi, kama mihimili inavyolitenganisha dari na paa, na kufanya hivyo bila kuongeza uzito.

Kwa sababu hiyohiyo unene una adhabu kali. Ukakamavu hufuata unene kwa kipeo cha tatu. Kibao kikiongezwa kutoka milimita 6 hadi 7, huku mti ukiwa uleule, kinakuwa kigumu kupinda kwa zaidi ya nusu ya kilivyokuwa. Fundi anayepitisha msasa kwenye moyo kabla ya kuugundisha anacheza na sehemu za kumi za milimita, na mchezaji mwenye mkono mzuri anazihisi.

Matabaka mawili yaliyobaki, yaliyo kati ya ngozi na moyo, kwa kawaida hulazwa yakikatiza nyuzi za wenzake. Hayo ndiyo yanayozuia kibao kisipinde kwa upana na kisipasuke. Ukiyafanya magumu, sehemu ya kibao inayopiga vizuri inatanuka kuelekea kingo. Ukiyafanya laini, mkono unapata taarifa zaidi lakini mpira uliogusa pembeni unakufa.

Kutoka hapo ilibaki hatua moja kufikia matabaka saba. Clipper ya Stiga ndiyo maarufu kuliko vyote vya aina hiyo. Badala ya moyo mmoja mnene, unene unagawanywa kwa mbao nyingi zinazokaribiana. Kibao kinakuwa kizito, kigumu, na mpira unatoka ukiwa umenyooka. Kiliwafaa Wachina waliosimama karibu na meza na kupiga kabla mpira haujapanda. Liu Guoliang, bingwa wa Olimpiki wa 1996, ndiye ninayemkumbuka kila ninapoiona Clipper. Mchezo wake ulikuwa wa vipele vifupi na vipigo vilivyokatisha pumzi, na kibao chenye kupinda kingemchelewesha.

Kaboni ilipoingia, watu wengi waliiona kama mwisho wa mti. Nyuzi za kaboni ni kakamavu mara nyingi kuliko mbao yoyote, na vibao vya kwanza vya namna hiyo vilikuwa vya kasi kavu, vigumu kuongoza. Butterfly, chapa ya kampuni ya Tamasu iliyoanzishwa na Hikosuke Tamasu mwaka 1950, ilipata jibu lililodumu kwa kuifuma kaboni pamoja na nyuzi za arileti, ambazo humeza mtetemo. Mwaka 1993 ikatoa Viscaria. Ngozi yake ni koto, mti mwingine wa Afrika Magharibi, mgumu kuliko limba. Chini ya koto kuna kitambaa hicho cha nyuzi mbili. Chini yake limba. Katikati kuna moyo wa kiri, mti wa Asia ulio mwepesi kuliko ayous, ambao Wajapani huutengenezea makabati ya nguo. Zhang Jike alikitumia kibao hicho kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 2011 na 2013 na Olimpiki ya London katikati yao. Kibao kilichobuniwa Zhang akiwa mtoto mdogo, mwaka ambao mpira ulikuwa bado wa milimita 38, kinashinda hadi leo.

ITTF iliiwekea kaboni kizuizi ambacho nakiona cha busara. Angalau asilimia 85 ya unene wa kibao lazima iwe mti wa asili. Nyuzi za kaboni, za kioo au karatasi iliyoshindiliwa zinaruhusiwa kama uimarishaji wa tabaka la gundi tu, na tabaka hilo lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kile kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Kwa hiyo kisheria kaboni iliyomo katika Viscaria ni gundi iliyotiwa nguvu. Ukubwa, umbo na uzito havina kikomo. Ndiyo maana Möregårdh aliweza kumtoa Wang kule Paris kwa kibao chenye pembe sita. Kilichofungwa kwa kanuni ni mti.

Baada ya hapo mafundi wakaanza kuihamisha kaboni. Wakaisogeza ndani, ikalala juu ya moyo badala ya kulala chini ya ngozi. Karibu na katikati kazi ya kupinda ni ndogo, kwa hiyo nguvu yake ikapungua. Katika kipigo chepesi mchezaji anahisi mti, na kaboni inaitika pale tu anapopiga kwa nguvu zote. Kibao chenye jina la Ma Long, bingwa wa Olimpiki wa 2016 na 2020, Hurricane Long 5 cha kampuni ya DHS ya Shanghai, kimeundwa kwa mpango huo. Na ngozi yake ni limba, moyo wake ayous. Resipe ya Uswidi imo humohumo, na kitambaa cha nyuzi kimepenyezwa ndani yake.

Sheria za mchezo zilizidi kuusukuma mti. Mwaka 2000 mpira ukakuzwa kutoka milimita 38 hadi 40. Mwaka 2008 gundi zenye viyeyusho, zilizovimbisha sponji na kuongeza kasi, zikapigwa marufuku. Mwaka 2014 seluloidi ikaachiwa nafasi na plastiki, na mzunguko ukapungua tena. Kila mara mpira ulipopokonywa kasi, wachezaji waliidai kwa kibao, na vibao vya kaboni vikaenea hata kwa watoto wa klabu ambao kwa maoni yangu wangejifunza zaidi kwa mti mtupu wa matabaka matano. Mkono unaoanza unahitaji kusikia kosa lake. Kaboni hulificha.

Mwaka 2016, Olimpiki ya Rio de Janeiro, Quadri Aruna wa Nigeria alikutana na Timo Boll wa Ujerumani, mtu aliyewahi kuwa namba moja duniani. Kibao cha Butterfly kinachobeba jina la Boll kina mpangilio uleule wa Viscaria: koto, nyuzi, limba, kiri. Aruna alicheza kwa mkono wa mbele wenye nguvu ambazo Ulaya ilikuwa bado haijazizoea, mapigo marefu yaliyotoka begani, akirudi nyuma ya meza na kusonga mbele tena. Akashinda seti 4 kwa 2, akaingia robo fainali, mahali ambapo hakuna Mwafrika aliyewahi kufika kabla yake katika mchezo wa mmoja mmoja wa Olimpiki. Huko Ma Long akamsimamisha.

Aruna alizaliwa Oyo, katika nchi ya Wayoruba. Mti wa limba unaota huko pia. Seremala wa Oyo akiutaja hasemi limba wala korina. Anasema afara.